Kipindi cha Majaribio Kikiisha: Mafao ya Mfanyakazi Yanaanza Lini?

Barua nyingi za ajira katika sekta binafsi ya Tanzania Bara zina sentensi inayofanana: mfanyakazi atakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu au sita, na mafao ataanza kuyapata baada ya kuthibitishwa kazini. Sentensi hiyo imezaa mkanganyiko usiokwisha. Wapo wanaoamini kwamba michango ya NSSF haianzi mpaka barua ya kuthibitishwa itoke. Wapo wanaoamini kwamba siku za likizo huanza kuhesabiwa tarehe ya barua hiyo, na kwamba miezi ya majaribio haimo katika hesabu. Wengine wanadhani mtu aliye katika majaribio anaweza kuondolewa siku yoyote bila notisi wala maelezo. Upande wa pili wapo wanaoamini kinyume kabisa, kwamba muda wa majaribio ukipita bila barua yoyote, mfanyakazi amekwisha kuthibitishwa na hakuna wa kumgusa. Imani hizo nne zote zina kasoro, na kila moja inawagharimu watu fedha, afya au kazi yenyewe.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba haki za msingi za mfanyakazi hufuata muda aliotumikia, nao unahesabiwa tangu siku ya kwanza aliyoripoti kazini. Barua ya kuthibitishwa ina uzito halali juu ya yale ambayo mwajiri ameyaongeza kwa hiari yake katika mkataba. Uonevu huanza pale barua hiyo inapogeuzwa lango la kila kitu, na pale ukimya wa mwajiri baada ya majaribio kuisha unapomnufaisha yeye mwenyewe. Ili kufika huko, ni lazima kwanza kutazama mkanganyiko ulikotoka, kisha sheria inasemaje, kisha kila upande una hoja gani.

Mkanganyiko ulikotoka

Chanzo cha kwanza ni mazoea ya utumishi wa umma. Kwa miongo mingi ajira iliyojulikana zaidi nchini ilikuwa ya serikali na mashirika yake, na huko kuthibitishwa kazini kulikuwa tukio kubwa: mtumishi alikaa katika majaribio kwa kawaida ya miezi kumi na miwili, kisha akathibitishwa na kuingia katika masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Sekta binafsi ilipopanuka ilichukua msamiati huo pamoja na fikra iliyomo ndani yake, kwamba kabla ya barua mtu ni mgeni na baada ya barua ni mwenyeji. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ambayo ndiyo inayotawala ajira za Tanzania Bara, ilijengwa kwa mantiki nyingine. Likizo, notisi na kiinua mgongo havikufungwa kwenye barua. Vilifungwa kwenye miezi ya utumishi. Zanzibar nayo ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, na hivyo yanayoelezwa hapa kuhusu vifungu vya Bara yasichukuliwe kuwa ndiyo ya Visiwani.

Chanzo cha pili ni kuchanganya mambo matatu yaliyo tofauti na kuyaita yote mafao. La kwanza ni haki zinazotolewa na sheria, kama likizo yenye malipo, notisi na malipo ya saa za ziada. La pili ni hifadhi ya jamii, yaani michango ya NSSF na ulinzi wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. La tatu ni yale ambayo mwajiri huongeza ili kuvutia watu wazuri: bima ya afya ya kampuni, posho ya nyumba, mkopo wa gari, bonasi ya mwisho wa mwaka. Mwajiri ana uhuru mpana juu ya kundi la tatu. Juu ya makundi mawili ya kwanza hana uhuru wa kupunguza hata kidogo, hata kama mfanyakazi ametia saini kukubali. Barua inayosema “mafao yote baada ya kuthibitishwa” huyafunga yote matatu katika furushi moja, na hapo ndipo haki hupotea bila mtu kujua kwamba alikuwa nayo.

Chanzo cha tatu ni lugha. Sheria hizi zilitungwa kwa Kiingereza, na barua nyingi za ajira bado huandikwa kwa Kiingereza hata pale anayesaini ni dereva, mpishi au mlinzi ambaye kazi yake yote huifanya kwa Kiswahili. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yalikuwa hatua kubwa, lakini hayajabadilisha kwa kasi hiyohiyo karatasi zinazosainiwa katika ofisi za waajiri. Mtu asiyeelewa vizuri alichosaini hutegemea kuelezwa na wenzake waliomtangulia, na hao nao hueleza walichofanyiwa, ambacho si lazima kiwe ndicho sheria inachotaka.

Sheria inavyohesabu muda

Njia rahisi ya kuielewa sheria ni kuiona kama ngazi yenye hatua nne. Hatua ya kwanza ni siku ya kwanza kazini. Kuanzia hapo mfanyakazi anastahili mshahara usiopungua kima cha chini cha sekta yake. Saa zake za kawaida, kwa asiye wa ngazi ya uongozi, hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Anastahili kutobaguliwa kwa jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito au hali ya VVU. Kinga hii ya ubaguzi ni pana kiasi kwamba kifungu cha 7 kinamhusu hata anayeomba kazi, kwa hiyo hakuna namna ya kusema haimhusu aliye katika majaribio. Mchango wa hifadhi ya jamii nao ni wa tangu mshahara wa kwanza. NSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara, na sehemu anayokatwa mfanyakazi haizidi asilimia 10. Ulinzi wa WCF, uliowekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, hugharimiwa na mwajiri peke yake. Anayeumia kazini wiki ya pili analindwa sawa na aliyetumikia miaka ishirini.

Hatua ya pili ni mwezi wa kwanza kuisha. Kifungu cha 41 kinasema notisi ya kuachana ndani ya mwezi wa kwanza ni siku zisizopungua saba. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku zisizopungua 28. Hesabu hiyo haijali kama mtu amethibitishwa au la. Mkataba unaosema notisi itakuwa siku saba kwa kipindi chote cha majaribio cha miezi sita unakwenda chini ya kiwango hicho kuanzia mwezi wa pili, na upungufu wake unaweza kudaiwa.

Hatua ya tatu ni miezi sita. Hapa sheria yenyewe inamwekea mfanyakazi mpya mipaka, na ni haki kuikiri. Kifungu cha 29 kinasema asiyefikisha miezi sita ya utumishi hastahili likizo yenye malipo, iwe ya mwaka, ya ugonjwa au ya uzazi, isipokuwa kwa mfanyakazi wa msimu na kwa aliyeajiriwa na mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja katika mwaka na jumla ya vipindi vyake ikavuka miezi sita. Kifungu cha 35, sheria ilivyotungwa, nacho kilimtenga mwenye chini ya miezi sita na kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Akishavuka muda huo, likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi kwa mama ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hatua ya nne ni miezi kumi na miwili, ambapo mlango wa kiinua mgongo hufunguka: angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, usiozidi miaka kumi, kwa mwajiri anapovunja mkataba kwa sababu zisizo za utovu wa nidhamu.

Jambo ambalo wengi hawalioni liko katika kifungu cha 30. Kinasema mzunguko wa likizo huanza kuhesabiwa tangu mtu alipoanza ajira. Maana yake ni kwamba miezi sita ya mwanzo haifutwi, inasubiri tu. Tuchukue mfano wa aliyeanza kazi tarehe 1 Machi kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, majaribio miezi sita. Ifikapo tarehe 1 Septemba, siku zake za likizo zinahesabiwa tangu Machi, kwa kiwango cha siku moja ya malipo kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Akiondoka mwezi wa tisa wa utumishi wake, malipo ya likizo anayodai ni ya miezi yote tisa, si ya mitatu iliyofuata barua. Vilevile, kwa NSSF, michango ya shilingi 120,000 kila mwezi ni shilingi 720,000 kufikia mwisho wa Agosti. Mwajiri anayeanza kuchangia Septemba amemnyima mfanyakazi fedha hizo. Pia amemnyima muda: fao la upotevu wa ajira lina sharti la miezi 18 ya michango miongoni mwa masharti yake, na mfanyakazi huyu, badala ya kulitimiza mwishoni mwa Agosti ya mwaka wa pili, atalitimiza mwishoni mwa Februari inayofuata. Akipunguzwa kazi katikati ya tarehe hizo mbili, miezi sita ya majaribio ndiyo itakayomkosesha fao.

Hoja ya waajiri na uzito wake

Waajiri wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Kumpata mtu kupitia vyeti na usaili wa nusu saa ni kubahatisha. Uwezo wa kweli hujulikana mtu akiwa kwenye kazi, mbele ya wateja, mashine na wenzake. Katika kipindi hicho mwajiri anabeba gharama za kumfundisha na makosa ya mwanzo. Bima ya afya ya kampuni mara nyingi hulipiwa kwa mwaka mzima, na kumwandikisha mtu pamoja na mwenza na watoto, kisha akaondoka mwezi wa tatu, ni hasara ya kweli kwa biashara ndogo. Hata Shirika la Kazi Duniani limelitambua hilo: Mkataba wake Na. 158 wa 1982 unaruhusu nchi kuwatenga walio katika majaribio na kinga za kuachishwa kazi, mradi muda huo umewekwa mapema na ni wa kiasi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Inaeleza vizuri kwa nini mkopo wa gari au bima ya familia nzima vinaweza kusubiri. Haielezi kwa nini mchango wa NSSF usubiri, kwa sababu mchango ni sehemu ya malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, na kazi ya mwezi wa majaribio huzalisha kama ya mwezi mwingine. Wala haielezi hata kidogo kwa nini kinga ya ajali isubiri, wakati mgeni wa mashine ndiye aliye karibu zaidi na ajali. Tena, masharti mawili ya Mkataba Na. 158, yaani kuwekwa mapema na kuwa wa kiasi, ndiyo hasa yanayovunjwa pale majaribio yanapoongezwa kwa mdomo, mara ya pili na ya tatu, bila tarehe ya mwisho.

Hoja ya wafanyakazi na mipaka yake

Upande wa wafanyakazi husema haki zote zianze siku ya kwanza, kwa kuwa jasho ni lilelile. Hoja hii ina nguvu kubwa zaidi katika uzazi na ugonjwa. Mama anayejifungua akiwa na miezi mitano kazini analindwa dhidi ya ubaguzi, lakini kwa mujibu wa kifungu cha 29 hana likizo yenye malipo kutoka kwa mwajiri. Kwa hiyo ana haki ya kutofukuzwa kwa sababu ya ujauzito wake, ila hana mshahara wa kumwezesha kukaa na mtoto. Mfanyakazi anayepata malaria kali katika mwezi wa nne yuko katika hali hiyohiyo: akilala nyumbani siku tano, mwajiri anaweza kumkata siku tano. Ni vigumu kuona manufaa ya kijamii yanayopatikana kwa kumlazimisha mgonjwa arudi jikoni au kwenye usukani wa basi.

Hata hivyo dai la kila kitu siku ya kwanza lina gharama yake, na gharama hiyo huwaangukia wafanyakazi wenyewe. Mwajiri akiona kila ajira mpya inakuja na mzigo kamili tangu asubuhi ya kwanza, ana njia za kuukwepa: vibarua wa kutwa, mikataba ya kazi maalumu, vijana wa mafunzo kwa vitendo wasiolipwa zaidi ya nauli. Wanaoumia kwanza ni wale ambao hawajawahi kupata nafasi ya kuonyesha uwezo wao, yaani wahitimu wapya na wasio na jamaa wa kuwapigia debe. Majaribio yaliyoendeshwa kwa haki ni mlango kwa watu hao. Kwa hiyo swali si kama pawepo na majaribio, bali ni lipi linaweza kusubiri, kwa muda gani, na nani anabeba hasara ya kuchelewa.

Mahakama zimesimama wapi

Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, ndizo zinazoeleza majaribio yaendeshwe vipi. Kanuni ya 10 inataka muda uwe wa kiasi na usizidi miezi kumi na miwili, kwa kuzingatia aina ya kazi na desturi ya sekta. Mwajiri anatakiwa kumfuatilia mfanyakazi, kukutana naye mara kwa mara na kumwongoza. Akiwa na wasiwasi juu ya utendaji wake, amweleze, ampe nafasi ya kujibu na muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kumwondoa. Muda unaweza kuongezwa, lakini baada ya kushauriana naye. Hapa inaanguka ile imani kwamba aliye katika majaribio anaweza kuondolewa bila maelezo.

Lakini imani ya upande wa pili nayo inaanguka. Katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 2005, katika shauri lililoihusu Mamlaka ya Mapato Tanzania, Mahakama ya Rufani iliyaona majaribio kama usaili unaoendelea kwa vitendo. Mwaka 2019, katika shauri la mfanyakazi wa benki aliyeacha kazi akidai amelazimishwa na mwajiri, Mahakama hiyo ilisema kuthibitishwa hakuji kwenyewe kwa sababu tu muda umepita, na kwamba aliye bado katika majaribio hawezi kudai kinga za kuachishwa kazi isivyo halali. Msimamo huo una faida yake. Unatoa uhakika, na unamzuia mfanyakazi aliyeonekana hafai asijipatie ajira ya kudumu kwa sababu ofisa rasilimali watu alichelewa kupiga muhuri.

Udhaifu wake unaonekana katika mwezi wa nane. Sheria ya 2004 ilizungumzia miezi ya utumishi: mwenye chini ya sita hana kinga. Msimamo wa Mahakama unaangalia hadhi ya mtu: asiyethibitishwa hana kinga. Vigezo hivi viwili vinakubaliana mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa sita, kisha vinaachana. Mfanyakazi aliyeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, akafanya kazi kwa miezi minane, akalipwa kila mwezi na hakupewa barua yoyote, ana haki ya likizo kwa kigezo cha muda, lakini hana kinga ya kazi yake kwa kigezo cha hadhi. Aliyemweka katika hali hiyo ni mwajiri peke yake, kwa kutoandika. Kanuni ya sheria inayomfanya mtu anufaike kwa kutotimiza wajibu wake inahitaji kutazamwa upya, hata kama ina sababu nzuri ya kuwepo.

Majirani wamefanyaje

Kenya imechukua njia inayofaa kulinganishwa, kwa kuwa matatizo ni yaleyale. Sheria yake ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inaweka majaribio yasizidi miezi sita, na yanaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita ikiwa mfanyakazi mwenyewe amekubali. Uganda, katika Sheria yake ya Ajira ya 2006, ina mpangilio unaofanana. Katika mafao, Kenya hufungua milango mapema zaidi: likizo ya ugonjwa yenye malipo huanza baada ya miezi miwili mfululizo ya utumishi, siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu. Anayeachana na mwajiri baada ya miezi miwili hulipwa likizo ya siku moja na robo tatu kwa kila mwezi kamili. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili haikuwekewa sharti la miezi ya utumishi. Linalotakiwa ni kutoa taarifa mapema.

Kwa upande wa kuachishwa kazi, sheria hiyo ilimnyima aliye katika majaribio haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa. Mwaka 2021 jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, katika shauri la wafanyakazi saba dhidi ya chuo kikuu kimoja, liliamua kwamba kuwanyima haki hiyo kunakinzana na Katiba ya 2010. Hata hivyo si kila kitu cha Kenya ni bora. Notisi ya kuvunja mkataba wa majaribio huko ni siku saba kwa kipindi chote, wakati Tanzania ni 28 baada ya mwezi wa kwanza. Na ridhaa ya mfanyakazi katika kuongeza muda inaweza kuwa ya karatasi tu, kwa sababu anayeambiwa “saini nyongeza au ondoka” hana uchaguzi wa kweli. Funzo linalopatikana ni kwamba ngazi ya haki inaweza kuwa fupi bila ajira kusimama, na kwamba haki ya kusikilizwa haimzuii mwajiri kumwondoa asiyefaa.

Kuzipima hoja

Ukiweka hoja hizi pamoja, mgawanyo wa haki unajitokeza. Malipo ya kazi na kinga ya mwili, yaani mshahara, hifadhi ya jamii, fidia ya ajali na ulinzi dhidi ya ubaguzi, havipaswi kusubiri hata siku moja, na sheria haisubiri. Tatizo la eneo hili ni utekelezaji. Haki za mapumziko na matibabu zinaweza kusubiri kidogo, lakini miezi sita kwa likizo ya ugonjwa ni mirefu kuliko hoja yoyote ya waajiri inavyohitaji, kwa sababu hakuna anayepima uwezo wa mtu kwa kumwacha afanye kazi na homa. Miezi miwili ya Kenya ni kipimo cha busara. Likizo ya uzazi ina ugumu zaidi, maana ikiachwa yote kwa mwajiri inaweza kumfanya aogope kuajiri wanawake vijana. Jibu lake la kudumu ni kuibebesha hifadhi ya jamii sehemu kubwa ya gharama, ili mzigo usimwangukie mwajiri mmoja. Marupurupu ya hiari ya mwajiri yanaweza kusubiri kadiri mkataba unavyosema, kwa sharti moja: mkataba utaje tarehe. “Bima ya afya kuanzia tarehe 1 Septemba” ni ahadi inayoweza kudaiwa. “Bima baada ya kuthibitishwa” ni ahadi inayotegemea siku ambayo mwajiri ataamua kuandika.

Kuhusu ukimya, pendekezo linalotokana na hoja hizi ni sheria kutamka kwamba nyongeza ya majaribio iwe ya maandishi, itolewe kabla ya muda kuisha, itaje sababu na tarehe mpya ya mwisho, na jumla isivuke miezi kumi na miwili. Muda ukiisha bila nyongeza hiyo, na mfanyakazi akaendelea kupokelewa kazini na kulipwa, ahesabiwe kuwa amethibitishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uhusiano huu daftari liko mikononi mwa mwajiri. Kama hakuandika, hasara ya kutoandika isimwangukie mwenzake.

Vipo vipingamizi. Cha kwanza ni kwamba sheria kama hiyo itawafanya waajiri wawafukuze watu kwa wingi katika wiki ya mwisho ili kujilinda. Huenda wachache wakafanya hivyo, lakini kipingamizi hiki kinasahau kwamba Kanuni ya 10 tayari inadai tathmini za mara kwa mara. Mwajiri aliyezifanya anajua mapema nani abaki, na asiyezifanya amekwisha kuvunja kanuni kabla ya wiki hiyo kufika. Cha pili ni kwamba biashara ndogo hazina ofisi ya rasilimali watu. Ni kweli, lakini kinachotakiwa ni karatasi moja yenye sentensi mbili na tarehe. Anayeweza kumwandikia mteja ankara anaweza kuandika barua hiyo. Cha tatu, ambacho ni kizito zaidi, ni kwamba haki nyingi kwenye karatasi hazimsaidii anayeogopa kudai. Hilo halijibiwi na sheria peke yake. Linahitaji vyama vya wafanyakazi kuwaandikisha wanachama tangu wakiwa katika majaribio, na maofisa kazi kukagua orodha za malipo bila kusubiri mlalamikaji. Linahitaji pia watu kujua kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Anayesubiri barua ya kuthibitishwa kwa nusu mwaka bila kuuliza huenda akagundua kwamba muda wa kudai umekwisha kumpita.

Muhtasari

Mambo makuu ni manne. Kwanza, mafao ya sheria hayazaliwi na barua ya kuthibitishwa. Mengine huanza siku ya kwanza, mengine mwezi wa kwanza ukiisha, mengine miezi sita, mengine mwaka, na mizunguko ya likizo huhesabiwa tangu siku ya kuanza ajira. Pili, kinachoweza kufungwa na barua hiyo ni marupurupu ya hiari, na hata hayo yanapaswa kuwa na tarehe katika mkataba. Tatu, kwa mwelekeo wa Mahakama ya Rufani, kuthibitishwa hakuji kwenyewe. Kwa hiyo mfanyakazi ambaye majaribio yake yamepita bila barua aombe msimamo wa mwajiri kwa maandishi mara moja, atunze nakala, na ahakiki michango yake ya NSSF tangu mwezi wa kwanza. Nne, mzani wa haki unadai ngazi ifupishwe kwa upande wa ugonjwa na uzazi, na ukimya wa mwajiri uhesabiwe dhidi yake. Majaribio yatabaki kuwa na kazi yake njema ya kumpima mtu kabla ya kumkabidhi nafasi ya kudumu. Kipimo hicho kinaweza kufanyika kwa ukamilifu bila kumnyima anayepimwa malipo ya kazi ambayo ameshaifanya.